Taa za Mashua: Tuangalie Kabla ya Kununua LED



Kikundi kimoja cha wavuvi huko Lamu kilituita tukaone mashua yao ya mita 9, waliyoijenga kwa michango ya miaka mitatu. Walikuwa wametoa balbu za zamani katika taa zao wakatia za LED nyeupe, na furaha yao ni kwamba betri haifi tena usiku. Giza lilipoingia tukasimama ufuoni, mashua ikatoka. Taa nyekundu tuliiona kama rangi ya chungwa, tena imefifia. Ya kijani imekuwa kama buluu. Mzee mmoja akasema, "Kumbe tumewasha taa za kujificha!"

Jambo hili si la kuchekwa. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, meli kubwa zinapita maji yale yale ya wavuvi, na meli haisimami kama matatu. Nahodha wake usiku haoni mashua, anaona rangi ya taa tu. Kwa hiyo lazima rangi iseme kweli.

Ukielekea omo, nyekundu ni kushoto, kijani ni kulia, na nyeupe iko tezi ikiangalia nyuma. Kila taa ya ubavuni huonekana kutoka mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu, yaani nyuzi 112.5. Ya tezi ni nyuzi 135. Jumlisha zote, unapata duara zima. Mtu akiona nyekundu peke yake anajua chombo kinaelekea kushoto kwake. Akiona nyekundu na kijani pamoja, basi kinamjia uso kwa uso. Ndivyo ilivyopangwa katika sheria za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini.

Sasa shida ya LED nyeupe ni nini? Balbu ya zamani ilitoa mwanga wenye wekundu mwingi, na vioo vya rangi vilitengenezwa kwa ajili yake. LED nyeupe mara nyingi ina buluu nyingi na wekundu kidogo. Nyuma ya kioo chekundu tia LED nyekundu, nyuma ya kijani tia ya kijani. Bora zaidi, kama mfuko unaruhusu, ni kununua taa nzima ya LED iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye alama ya kupimwa. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni zionekane umbali wa maili 1 ya baharini, na ya tezi maili 2.

Duka litakuonyesha pia taa moja yenye rangi zote tatu, ya kuwekwa juu ya mlingoti. Sheria inairuhusu kwa chombo cha tanga chini ya mita 20. Yoti inaifaa. Lakini kwetu foromali na tanga hupanda juu kuliko mlingoti, basi tanga litaifunika. Sisi tunapendelea taa mbalimbali, na kabla ya kutoboa mbao, pandisheni tanga usiku, mmoja azunguke na ngalawa aone kama kuna upande unaofichwa. Chombo chini ya mita 7 kisichoweza kufunga taa hizi kiwe na tochi ya mwanga mweupe au kandili inayowaka, karibu na mkono, ionyeshwe mapema.

Mkiwasha mashine, hata tanga likiwa juu, nyinyi ni chombo cha mashine. Chini ya mita 12, zile za rangi zibaki, na badala ya ya tezi iwashwe nyeupe moja ya juu inayoonekana pande zote.

Faida ya umeme ni kweli kabisa. Balbu tatu za wati 25 kwa saa 10 hula kama ampea-saa 60 za betri ya volti 12. LED tatu za wati 2.5 hula kama 6 tu. Lakini betri ikichajiwa na sola hupita volti 14, kwa hiyo tafuta LED inayostahimili volti 10 hadi 30. Fyuzi ikae karibu na betri. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, maana chumvi haina huruma.

Wenye redio ya VHF, washeni taa mkisikiliza. Ikianza kuvuma au sauti kupotea, taa ndiyo mkosaji. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa onyo juu ya jambo hili hili.

Kikundi kile sasa kinachangia LED mbili, nyekundu na ya kijani. Ile ya tezi wameiacha na balbu yao nyeupe, kwa sababu kioo chake hakina rangi.