Subaru ya barabarani na ya rali: Shilingi ya kwanza iende wapi?

Soko la magari ya mtumba kutoka Japani lina kona moja ambayo kurasa za biashara huigusa mara chache, nayo ni ya magari ya michezo. Kutoka Mtoni kwa Aziz Ali hadi Kinondoni, jina linalotajwa mapema katika kona hiyo ni Subaru Impreza WRX. Mnunuzi tunayemlenga leo ni mfanyabiashara mdogo anayetaka gari la kumpeleka dukani siku za kazi, na la kuingia nalo kwenye rali mara mbili tatu kwa mwaka. Mtaji ni mmoja kwa kazi zote mbili. Akiupanga vibaya, atabaki na injini iliyopasuka na deni.

Sifa ya Subaru katika Afrika Mashariki ilijengwa porini. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Lakini kwa mwenye mtaji mdogo, habari yenye faida zaidi ni ya mwaka 1993. Mwaka huo Subaru ilileta Safari kigari cha Vivio, injini cc 660 tu. McRae alikiendesha kwa kasi kubwa na hakumaliza. Mkenya Patrick Njiru, mwenye kigari cha aina hiyo hiyo, alifika mwisho.

Pamoja na hayo, mtu akishapokea kadi ya gari, mara nyingi fedha za kwanza huzipeleka kwenye ekzosi yenye mlio na tabo kubwa. Kwa maoni yetu huko ndiko kwa kuishia.

Kabla ya kuongeza chochote, gari lirudishwe katika afya yake. Mkanda wa taiming wa injini ya EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na gari la mtumba halina ushahidi wa kuaminika kwamba kazi hiyo ilifanyika. Badilisha pamoja na pampu ya maji, kagua rejeta, hozi na bushi zote. Kazi hii haimpendezi mtu kwa macho, hata fundi mwenyewe huona uvivu kuieleza, ila mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni na hesabu yote hufutika.

Baada ya hapo ni matairi. Nguvu zote za gari, ziwe za kukimbia, kukata kona au kusimama, hupita kwenye vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hugusa ardhi kwa eneo la kiganja hivi. Ukiweza nunua seti mbili: ya lami kwa Barabara ya Kilwa, na ya kashata nene na kuta ngumu kwa vumbi na mawe. Tairi la lami likipelekwa kwenye changarawe huchanika ubavuni.

Breki zinafuata, na hapa ndipo fedha kidogo hununua usalama mwingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nao Dar es Salaam haukosekani. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230, DOT 5.1 nyuzi 260. DOT 3 yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwenye foleni ya Mbagala hutajua tofauti. Utaijua kwenye mteremko, baada ya kukanyaga mara ishirini mfululizo, pedali inapozama hadi sakafuni. Mafuta mapya, pedi zinazostahimili joto na hozi imara vinatosha kwa msimu wa kwanza. Diski kubwa zisubiri.

Shokapu ni za tatu. Wapo wanaokata springi ili gari lilale chini. Kwa matuta yetu hiyo ni hasara, na kwa rali ni hasara maradufu, kwani gari la vumbi linahitaji kimo na nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka.

Kuhusu kizimba cha vyuma, waandaaji wa rali hukidai na hakuna mjadala. Lakini mtu asiye na helmeti anaweza kujipasua kichwa kwenye vyuma hivyo hata katika ajali ndogo ya mjini. Mwenye gari moja kwa kazi zote mbili alitafakari hili kabla ya kuchomelea. Isitoshe, gari lenye kizimba lina wanunuzi wachache likirudi sokoni.

Mwisho ndiyo nguvu. WRX ya soko la Japani imepangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani nyingi kuliko ya vituo vyetu. Ukiongeza msukumo wa tabo bila kurekebisha kompyuta ya injini, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga na pistoni hupasuka.

Mwekezaji azingatie pia kwamba bima za kawaida za magari huwa hazilipi hasara ya mashindano. Gari likipinduka katikati ya rali, mtaji umekwenda. Asiingize fedha ya mzigo wa dukani. Vifaa vya awali vilivyofunguliwa avitunze stoo pamoja na risiti, maana mnunuzi makini hulipia zaidi gari linaloweza kurudishwa lilivyotoka kiwandani.

Kwa wenye maduka ya spea, picha ni hiyo hiyo kwa upande wa pili. Tabo moja inaweza kukaa kabatini miezi ikisubiri mteja. Pedi, mafuta ya breki, bushi na matairi huisha na mteja hurudi, awe wa rali au wa daladala.