Je, Wajua? Bustani ya Nyumbani Ina Majira Yake

Je, wajua kwamba nyanya huugua zaidi wakati wa masika, maji yakiwa tele? Majani yakishinda yameloa, ugonjwa wa bakajani huenea upesi, hasa penye baridi. Utaona doa la kahawia kwenye jani. Ligeuze, na upande wa chini mara nyingi kuna ukungu mweupe. Kwa hiyo ni afadhali kusia mbegu kitaluni Mei, mvua zikielekea ukingoni, kisha kuhamisha miche baada ya wiki 4 hivi, kipupwe kikiwa kimeingia.

Masika yenyewe, Machi hadi Mei, yaachie matembele. Kata marando ya urefu wa sentimita 30, fukia nusu yake kwenye tuta lililoinuliwa, na hutahitaji kumwagilia. Vuli ikianza Oktoba, sia mchicha na bamia. Mchicha huvunwa ndani ya wiki 3 hadi 4, na hakuna mboga inayomfaa zaidi anayeanza.

Januari na Februari jua huwa kali. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ila usizisogeze hadi kwenye shina, lisije likaoza. Mwagilia asubuhi mapema, chini kwenye mizizi.

Na samadi je? Ikiwa mbichi huunguza mizizi, nayo huchukua miezi kadhaa kuoza vizuri. Unayetaka kupanda masika, anza kuirundika Desemba.