Filamu ya taratibu inapomchosha mtazamaji

MEI 2003, katika Tamasha la Filamu la Cannes nchini Ufaransa, watazamaji waliizomea filamu ya Kimarekani iitwayo The Brown Bunny, na baadhi yao wakatoka kabla haijaisha. Mhakiki mashuhuri wa Chicago, marehemu Roger Ebert, aliitaja kuwa mbaya kuliko zote katika historia ya tamasha hilo.

Filamu hiyo haikutokana na kampuni kubwa za Hollywood. Vincent Gallo aliiandika, akaiongoza, akaipiga picha, akaihariri na kuigiza mhusika mkuu, Bud Clay.

Kisa chake ni chepesi. Bud, mwendesha pikipiki za mashindano, anasafiri kwa gari kutoka New Hampshire, mashariki mwa Marekani, hadi California, huku akimwaza mpenzi wake wa zamani, Daisy. Kwa muda mrefu mtazamaji huona barabara kupitia kioo cha mbele cha gari, vituo vya mafuta na uso wa mtu aliye kimya. Chanzo cha huzuni yake hakifichuliwi hadi mwishoni.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Filamu inayomtegemea mhusika kuliko matukio humwomba mtazamaji subira, na malipo yake ni kumfahamu binadamu mwingine. Kila ukimya unapaswa kuongeza jambo. Picha inaporudia lililokwisha kueleweka, mtazamaji humwacha mhusika na kuanza kuangalia saa yake.

Baada ya Cannes, Gallo aliihariri upya na kuondoa takriban dakika 26 kati ya 118. Toleo hilo fupi lilipoonyeshwa Marekani mwaka 2004, Ebert alibadili msimamo na kulipa nyota tatu kati ya nne.

Mwendo wa filamu ulibaki wa taratibu, na safari na huzuni ya Bud zilikuwa zile zile. Kwa hiyo kasoro haikuwa utaratibu wenyewe, bali urefu usiokuwa na kazi.

Kwa watengenezaji wa filamu wanaojitegemea, fundisho hilo ni zito. Uhuru wa kutoamriwa na mfadhili una thamani, lakini anayefanya kila kitu peke yake hukosa mtu wa kumwambia, "Hapa inatosha." Subira huvuta heri, ila mtazamaji naye lazima aione dalili ya heri hiyo.