Baiskeli si chombo cha walalahoi pekee

Asubuhi niliyofika langoni mwa chuo nikiwa juu ya baiskeli kwa mara ya kwanza, bawabu alinipigia saluti kama ilivyo ada, kisha akatupa macho nyuma yangu kana kwamba alitarajia kuliona gari langu likinifuata lenyewe. "Daktari, gari limeharibika?" aliniuliza kwa sauti ya huruma. Nilimjibu kwamba gari lilikuwa zima, limeegeshwa nyumbani. Hakuniamini. Kufikia saa nne wenzangu wawili wa idara walikuwa wamenijia ofisini, mmoja akitaka kujua iwapo karo za watoto zimenielemea, na wa pili, muungwana kwelikweli, akiwa tayari kunikopesha fedha za mafuta hadi mwisho wa mwezi. Wanafunzi nao, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba benki imelitwaa gari.

Kilichonipandisha baiskeli hakikuwa ufukara. Mnamo mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 42, nilipimwa nikaambiwa kwamba shinikizo langu la damu limepita kiasi. Kazi yetu sisi wahadhiri ni kazi ya kuketi. Tunaketi kusahihisha tasnifu, tunaketi mikutanoni, kisha tunatoka kitini kuingia garini na kutoka garini kurejea kitini. Daktari aliniandikia dawa, halafu akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilipotokwa na jasho lisilo la joto wala la hofu. Nilifikiri kwa muda mrefu mno, naye akaacha kungoja jibu.

Nilijaribu kukimbia, magoti yakakataa. Baiskeli, kinyume na mbio, huubeba uzito wa mwili, na goti huzunguka pasipo kugongwa na ardhi kila hatua, ilhali moyo na mapafu hufanya kazi ile ile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mwalimu akisikia hivyo husema hana wakati. Nami nilisema vivyo hivyo, hadi nilipopiga hesabu. Kutoka kwangu hadi kazini ni kilomita nane. Kwa mwendo wa kivivu wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni nusu saa na ushei kwenda, na nyingine kurudi. Mtu akienda hivyo siku tatu tu kwa juma, amekwisha kupita dakika 150, na wakati wenyewe ni ule ule aliokuwa akiupoteza katika msongamano wa magari. Sikuacha dawa, wala simshauri yeyote aache zake kwa kusoma makala ya mwanaisimu. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu daktari mwenyewe alizipunguza.

Kilichoanza kama tiba kimekuwa uraibu. Jumamosi, kabla jua halijawa kali, huondoka Kisumu nikaifuata barabara ya Busia, nikapita Kisian, kisha nikaanza kuukwea mlima kuelekea Maseno, pale mstari wa ikweta unapokatiza. Kiswahili kimeipa baiskeli kitenzi cha ajabu: tunainyonga. Kitenzi hicho ndicho tunachokitumia kwa aliyetiwa kitanzi, na nomino nyonga ni pale paja linapoungana na kiwiliwili. Wanafunzi wangu wa semantiki hubishana iwapo hizi ni maana tofauti za neno moja ama ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa sauti tu. Mimi nikiwa katikati ya mlima ule huwa sina shaka kwamba ni neno moja.

Sasa turudi kwa bawabu na swali lake. Yeye hakukosea kuuliza, kwa maana aliisoma ishara jinsi jamii ilivyomfunza kuisoma. Katika nchi yetu baiskeli ni ya muuza maziwa, ya mchuuzi wa mkate, ya mwanafunzi wa kutwa anayetoka mbali. Hata neno boda-boda lilizaliwa na baiskeli, kule Busia katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendeshaji waliwavusha watu na mizigo baina ya vituo viwili vya forodha, wakilinadi kwa kurudiarudia neno la Kiingereza la mpaka. Leo pikipiki zimelinyakua neno hilo, na yamkini mwanafunzi wa sasa hajui kwamba lilikuwa na mwenyewe. Mtu akipata senti huihama baiskeli akanunua pikipiki, akizidi hununua gari, na huko garini ndiko anakougulia.

Nami sina haki ya kumcheka yeyote. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka 31 alikwenda kazini kwa baiskeli nyeusi, nzito, ya chuma. Juu ya keria yake ndipo nilipopelekwa zahanati nilipougua malaria, na ndipo sanduku langu la bati lilipofungwa kwa mpira siku niliyojiunga na shule ya upili. Mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili, alikuja kwa siku ya kutuza wanafunzi bora. Wazazi wengine walikuwa wakishuka magarini. Nilimwona akiingia langoni, miguu ya suruali imechomekwa katika soksi, nikamkimbilia, nikamwamkia, kisha nikamwomba aiache baiskeli nje kwenye ua, kwa kisingizio kwamba uwanja umejaa magari. Aliiegemeza kwenye ua bila neno. Nilituzwa kitabu siku hiyo kwa kuongoza katika somo la Kiswahili. Sikumbuki kilikuwa kitabu gani. Ule ua naukumbuka.

Laiti aibu hii ingetudhuru sisi wenyewe tu, ningenyamaza. Lakini zingatia nani hupanga barabara, nani huidhinisha fedha zake na nani huandika magazetini kuzihusu. Ni watu wa magari. Ndiyo maana barabara nyingi hujengwa pasipo njia ya baiskeli, na pale ilipo mara nyingi utaikuta imekuwa kibanda cha mchuuzi au kituo cha matatu. Ukingo wa lami umemeguka, na honi ya dereva anayekujia nyuma haina maana nyingine ila shuka mtaroni. Mwaka jana nilishuka kwa lazima, nikateguka kifundo cha mkono. Mimi naweza kuchagua saa yangu na siku yangu. Muuza maziwa hana hiari hiyo, wala mtoto anayewahi gwaride la asubuhi. Siku ambapo madaktari, mawakili na walimu wakuu watakuwa wakiteguka vifundo mtaroni pamoja nao, natumai mhandisi atapata barua.

Sio kwamba tumekosa vielelezo. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na kufunzwa hapa na David Kinjah, Mkenya ambaye wanafunzi wengi hawalijui jina lake. Suleiman Kangangi alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni jimbo la Vermont, Marekani. Tulimlilia kwa siku chache tukasahau. Wenzetu wa Rwanda waliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani mjini Kigali mnamo Septemba 2025, ya kwanza ya aina hiyo katika bara la Afrika. Kwa asiye na mbio moyoni, upo msitu wa Karura, na ipo mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako mtu anaruhusiwa kunyonga baiskeli akipita punda milia kando ya njia.

Desemba iliyopita niliipakia baiskeli yangu garini nikaenda nayo kijijini. Baba sasa ana miaka 79 na angali mkakamavu. Aliipindua magurudumu yakaelekea juu, akalizungusha la nyuma, akazihesabu gia.

"Zote hizi za nini, mwanangu? Vilima vya huku havijaongezeka."

Kisha akaugusa mnyororo, akanusa kidole. "Umekauka huu." Akamtuma mjukuu ndani alete mafuta ya cherehani na kitambaa. Alikuwa amepaka nusu ya mnyororo aliponiuliza, bila kuinua macho, "Usiku utaiweka wapi, ndani au kwenye ua?"

"Ndani, Baba," nilimjibu.

Akaendelea kupaka.