Upepo wa Bahari na Riziki ya Wavuvi

Aitazamaye bahari kutoka pwani ya Massachusetts, nchini Marekani, huenda akadhani ni uwanja mtupu usio na mwenyewe, ilhali chini ya mawimbi yake mna malisho ya nyangumi, na juu yake hupita manahodha wa New Bedford, bandari iliyotajirika kwa kombe, wakitafuta riziki kama walivyoitafuta wazee wao. Ni katika bahari hiyo, yapata maili 15 kusini ya kisiwa cha Martha's Vineyard, ilipokatwa shauri la kusimamisha mitambo 62 ya upepo, ili zipatikane megawati 806 za umeme usiohitaji makaa wala mafuta.

Manufaa yake hayana shaka, kwani joto la dunia lizidishwalo na moshi huwadhuru hata samaki. Walakini nguzo za mitambo hushindiliwa kwa nyundo kubwa mno, na sauti, ambayo majini hukimbia zaidi ya mara 4 ya mwendo wake hewani, huweza kumfukuza nyangumi katika malisho yake. Nao nyangumi wa aina moja adimu wa Atlantiki ya Kaskazini hawafiki 400, na aghalabu huuawa kwa kugongwa na meli au kunaswa na kamba za mitego. Kwa hiyo, Januari 2019, kampuni yenye mitambo na jumuiya za kuhifadhi viumbe ziliandikiana mapatano kwamba nguzo zisishindiliwe kuanzia Januari hadi Aprili, wanapokusanyika nyangumi hao, na kwamba kishindo kipunguzwe. Njia mojawapo ni kulaza sakafuni mwa bahari bomba la mpira lenye vitundu, likaizunguka nguzo, kisha likajazwa hewa kwa nguvu, hata mapovu yakapanda mfano wa pazia na kukidhoofisha kishindo kinapoyapenya.

Wavuvi nao walitaka mitambo ipangwe safu zilizonyooka toka mashariki hata magharibi, kila mmoja ukiwa mbali na mwenziwe kwa maili moja ya baharini, kwa sababu chombo kikokotacho wavu hakigeuki upesi, na mkondo huusukuma wavu kando. Mwaka 2019 kampuni za upepo zilikubali mpango huo. Hata hivyo wengi wahofia usiku na ukungu, kwani mitambo huivuruga rada. Karibu na kisiwa cha Block Island, ambako mitambo 5 ilianza kazi mwaka 2016, kome wameshika nguzo na samaki wakakusanyika, wavuvi wa mshipi wakafurahi; lakini penye neema ya mshipi, wavu huenda usipate nafasi.

Manung'uniko makubwa ya wavuvi ni kwamba waliitwa barazani mipaka ya mitambo ikiwa imekwisha chorwa. Basi insafu yataka njia za nyangumi na mahali pa uvuvi pachorwe kwanza ramanini, mvuvi akiwapo na neno lake likipewa uzito, na fidia ikubaliwe kabla ya hasara, ndipo nguzo ya kwanza ishindiliwe. Kwani umeme wa haki haupatikani kwa kumnyima riziki aliyeitangulia mitambo baharini.