Mgeni Aliyeingia kwa Paa

Ijumaa moja, baada ya swala, nilikuwa nimeketi uani kwa jamaa zangu Makina, pale Kibera, nikinywa kahawa chungu, ndipo tuliposikia mvumo juu ya vichwa vyetu. Nilidhani ni nyuki. Kumbe ni kidude cheusi chenye mapanga manne yazungukayo, kimesimama tuli juu ya mabati mfano wa mwewe aliyeona kifaranga. Bibi mwenye nyumba, ajuza wa Kinubi niliyemwamkia shikamoo asubuhi ile akaitika kwa sauti ya chini, alikuwa akianua nguo. Alijitanda leso uso mzima akaingia ndani mbio, kwa miguu ambayo tangu nifike sikuiona ikikimbia.

"Cha nani hicho?" nikauliza.

"Wengine wasema cha polisi," akajibu mwanawe. "Wengine wasema cha wapima ardhi, na wengine wasema cha wapiga picha za harusi. Hakina jina ubavuni, Maalim, wala hakijibu salamu."

Watu wa Makina wana sababu ya kuuliza. Babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, wakapewa msitu huu wakae baada ya utumishi wao. Mwaka 1918 ardhi ikatangazwa rasmi kuwa ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Wajukuu wa askari hao walipata hati ya kumiliki mwaka 2017, na ni ya ekari 288. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, mabuldoza yakaingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, na maelfu ya watu wakalala nje. Picha za uharibifu ule zilizoenea duniani zilipigwa kutoka juu. Kwa hiyo kitu kikivuma angani, mtu wa Makina hutazama kwanza ukuta wa nyumba yake.

Bibi yule ana jambo jingine. Bafu lake liko uani, mabati manne yaliyosimamishwa, na juu yake hamna kitu ila mbingu. Ameoga humo maisha yake yote. Sasa huoga usiku.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Kwetu nyumba hujengwa na daka mbele ili mgeni aishie pale mpaka akaribishwe, na ua huwekwa nyuma ili mwanamke awe huru na kichwa chake. Anayekuja hupiga hodi. Asipojibiwa hurudi. Wanubi nao ni Waislamu kama sisi, na adabu hiyo wanayo, japo nyumba zao ni za udongo na mabati.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitusimulia kisa cha Sayyidna Umar. Usiku mmoja Madina alisikia makelele ya ulevi nyumbani mwa mtu, akaparamia ukuta, akamkuta mwenyewe na dhambi yake. Alipomkaripia, yule bwana alimjibu kuwa yeye amekosa moja, na Khalifa amekosa matatu: amepeleleza na Mungu amekataza kupelelezana, ameingia kwa ukuta na tumeamriwa tuingie kwa milango, tena ameingia bila ya idhini wala salamu. Khalifa hakumwadhibu. Tukiwa watoto tulicheka, tukimwona mlevi yule hodari. Leo namwona Umar ndiye hodari, kwa kuwa alikubali kuambiwa.

Nisidhaniwe nakichukia chombo. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuzirusha droni Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na Rwanda mwaka huo huo ikaanza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Polisi wa Kigali, wakati wa korona mwaka 2020, walizirusha kuwatangazia watu wakae majumbani. Hapa kwetu, tangu mwaka 2014 serikali ilipoipa Safaricom kazi ya kuwawekea polisi kamera Nairobi na Mombasa, hamu ya macho ya juu haijaisha.

Tena mwenye duka jirani alinigombeza. "Nyinyi washairi mwaona aibu ya bafu," akasema, "mimi naona kufuli langu lililokatwa. Kama kidude kile kitawaona wezi, na kivume usiku kucha!"

Nikamwuliza ameibiwa mara ngapi. Mara tatu. Na amekwenda kituoni mara ngapi? Akanitazama kama aliyeulizwa na mtoto. "Hata moja. Nikishitaki leo, kabla sijafika dukani mwizi ameshajua nani kamtaja."

Basi hapo ndipo nilipoona habari yenyewe ilipo. Mtu huyu amjua mwizi wake kwa jina, kwa mama yake, kwa mlango anaolala. Polisi wangeyapata yote hayo kwa kikombe cha chai, kama angewaamini. Hawamwogopi mwizi peke yake watu hawa. Wangali wanamtaja mtoto wa miaka 13 aliyeuawa kwa risasi ya polisi huko Kiamaiko, tarehe 30 Machi 2020, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao usiku wa kafyu. Wanamtaja kama wa kwao.

Swali lao ni la haki kabisa: lau usiku ule kungekuwa na jicho angani, picha ile angepewa nani? Iko Mamlaka ya kuwachunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ila usalama wa taifa umeachiwa mlango humo, na mlango huo ni mpana. Picha ya mwizi itafika mahakamani upesi. Ya askari, wallahu aalam.

Jua lilipopinda, bibi alitoka, akatazama juu kwanza, kisha akaketi mkekani. Akanisimulia habari za askari mmoja wa zamani, aliyekuwa akipita kwa miguu, akibisha hodi na kungoja. Alizijua homa za watoto wa mtaa mzima. Mjukuu wake alipoiba baiskeli, askari yule alikuja mlangoni akasema naye kwa upole, na baiskeli ikarudi kabla ya magharibi. Kisha akahamishwa.

"Wewe waandika gazetini," akaniambia. "Yule walimpeleka wapi?"

Nikamwambia nitauliza.