Kiti cha milioni 21.9, nyumba ya milioni 5.5: hesabu za E-1027

Februari 2009, mjini Paris, kiti kimoja kilinadiwa na Christie's kikafika euro 21,905,000. Wakadiriaji walikuwa wamekitarajia kupata kati ya milioni 2 na 3. Ni kiti cha ngozi chenye mikono iliyochongwa kama majoka na kupakwa laka, kazi ya Eileen Gray ya mwishoni mwa miaka ya 1910. Ukarabati wa nyumba maarufu kuliko zote alizobuni mwanamke huyo, uliokamilika mwaka 2021, uliripotiwa kugharimu takriban euro milioni 5.5. Kwa bei ya kiti kile kimoja, nyumba ingekarabatiwa karibu mara nne.

Nyumba yenyewe inaitwa E-1027. E ni Eileen. 10 ni J, herufi ya kumi. 2 ni B. 7 ni G. Herufi za Gray zimezikumbatia za Jean Badovici, msanifu majengo kutoka Romania aliyekuwa mhariri wa jarida la L'Architecture vivante. Gray alizaliwa Ireland mwaka 1878, na ujenzi ulipoanza 1926 kule Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, alikuwa anakaribia miaka 50 na hakuwahi kusomea usanifu wa majengo. Pesa zilikuwa zake. Hati aliiandikisha kwa jina la Badovici, na uamuzi huo ulikuja kumgharimu kuliko saruji yote iliyomwagwa pale.

Kiwanja kimekaa mteremkoni, kati ya reli na bahari, wala hakuna barabara ya gari inayofika mlangoni. Vifaa vililetwa kwa toroli kupitia njia ya miguu. Kazi ilimalizika 1929, miaka mitatu kwa nyumba ya ghorofa moja tu.

Sebule ina urefu wa mita 14 na upana wa mita 6.3, yaani mita za mraba 88 na kidogo. Anayezijua nyumba za kale za Lamu au Unguja ataona mara moja uzito wa ile 6.3. Vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo fundi alirefusha chumba lakini hakuweza kukipanua. Zege lenye nondo lilimwondolea Gray kikomo hicho. Sakafu iliyo wazi akaigawa kwa samani: pembe ya kulala mgeni, pembe ya kulia chakula, mahali pa kuogea nyuma ya kizuizi, na makochi yanayotazama bahari. Upande wa kusini madirisha yanakunjwa yote kama pazia la mbao, na ukuta mzima unafunguka kuelekea roshani.

Hata hivyo ukubwa wa sebule ndio ubadhirifu wake pekee. Vyumba vingine vimebanwa kwa makusudi, na hapo ndipo ustadi wake unapoonekana. Chukua ile meza ya kando ya kitanda, ambayo mpaka leo inatengenezwa na kuuzwa kwa jina la nyumba. Uso wake ni kioo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 51, juu ya mabomba ya chuma yaliyochovywa kromu. Kitako hakikufungwa mduara kamili; upande mmoja umeachwa wazi ili kipite chini ya kitanda. Nyuma kuna pini iliyofungwa kwa mnyororo mwembamba: unaichomoa, unapandisha meza, unairudisha, na chai inakaa mbele ya kifua chako bila wewe kuinuka. Makabati nayo yaliandikwa kilichomo: mito, kofia, sapatu.

Gray alihama mapema miaka ya 1930, nyumba ikabaki kwa Badovici. Mwaka 1938 na 1939 mgeni wake, Le Corbusier, alichora picha kubwa kwenye kuta zilizoachwa tupu kwa makusudi. Gray hakuombwa ruhusa, akakiona kitendo hicho kuwa ni uharibifu. Mwaka 1952 Le Corbusier akajijengea kibanda cha mbao hapo jirani: mita 3.66 kwa 3.66, kimo mita 2.26. Ni mita za mraba 13.4, vibanda sita na nusu vingeingia ndani ya sebule ya Gray. Le Corbusier alifia baharini hapohapo chini mwaka 1965, akiogelea, na kwa miaka mingi watu walidhani nyumba ile ni kazi yake au ya Badovici.

Kupotea kwa jina kuliongeza bili ya ukarabati. Nyumba isiyojulikana ni ya nani haina wa kuipigania, na chumvi haisubiri. Hewa ya bahari hupenya kwenye zege polepole hadi ifike kwenye nondo. Chuma kikishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Aliyejenga Mombasa, Tanga au Bagamoyo ameliona hili kwa macho: ufa mnyoofu unaofuata mstari wa nondo, plasta inavimba, kisha kipande kinadondoka na kuacha chuma chekundu nje. Kuziba ufa hakusaidii. Lazima zege lichongwe, nondo zisafishwe au zibadilishwe, ndipo lijazwe upya, tena kwenye kiwanja kisichofikika kwa lori.

Samani za asili zilikwisha kuuzwa na mmoja wa wamiliki waliofuata, na mwenyewe aliuawa humo mwaka 1996. Taasisi ya umma ya Ufaransa inayolinda fukwe, Conservatoire du littoral, iliinunua nyumba 1999. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya ukarabati ilikuwa kutengeneza upya, kimoja kimoja, vitu ambavyo vilishatoka mlangoni kwa bei ya mnada.

Mwaka 2016 UNESCO iliorodhesha kazi 17 za Le Corbusier katika nchi 7, na kile kibanda cha mita za mraba 13.4 kimo. E-1027, hatua chache tu kutoka hapo, haikuwa na nafasi kwenye orodha ya kazi za mtu mwingine, na hilo ni haki. Lakini Gray anastahili pendekezo lake mwenyewe. Kilomita chache kutoka hapo, Castellar, ipo Tempe à Pailla, nyumba aliyojijengea alipoondoka, safari hii kwa hati yenye jina lake. Nyumba mbili za mkono mmoja, ndani ya miaka kumi, zinatosha kuwa faili, na Ufaransa ingepaswa kuifungua sasa ambapo zege la E-1027 bado ni jipya.